Kila Kiumbe na Nafasi Yake: Somo Kutoka Msitu wa Jozani

Mtu akiingia msitu wa Jozani, Unguja, huweza kuona kima wa aina mbili juu ya mti mmoja, wakila pamoja bila ya kugombana. Kwa nini? Jibu lake ndilo somo letu: nafasi ya kiumbe katika msitu. Nafasi si pale anapolala tu. Ni anachokula, wakati anaokitafuta, na anavyowafaa au kuwadhuru wenzake. Mahali ni kama nyumba, nafasi ni kama kazi.

Kima wa kawaida hupenda matunda mabivu, maua na wadudu, na chakula hukiweka katika mifuko ya mashavuni. Kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu, hana mifuko hiyo. Yeye hula zaidi majani machanga na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na humo wamo bakteria wanaoyachachusha majani mpaka yakasagika. Embe bivu, ambalo sisi tungeligombania, kwake ni taabu, maana sukari huchacha upesi mno na kulichafua tumbo.

Chini ya mti yupo paa nunga, mdogo na mwenye haya, akiokota maua, majani na matunda yanayoangushwa na kima. Usiku ukiingia, komba naye hutoka kutafuta wadudu na matunda.

Kima punju wanaokaa karibu na mashamba hula pia majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali zinazozuia chakula kusagika. Basi wafanyeje? Hula mkaa! Watafiti walilieleza jambo hili katika miaka ya 1990: mkaa huzinasa kemikali hizo. Huuokota kwenye visiki vilivyoungua, na hata kwenye matanuri ya wachoma mkaa.

Lakini tanuri hilo hulishwa miti ile ile anayoitegemea. Jozani na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ila baadhi ya kima punju wanaishi nje ya mpaka wake. Kwa asili mnyama huyu hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Kima wa kawaida akikosa tunda hili hutafuta jingine, au mdudu. Kima punju, mwenye tumbo la majani, hana kazi nyingine ya kuhamia.

Zoezi: Chagua mti mmoja karibu na kwenu. Uangalie baada ya Alfajiri na tena baada ya Magharibi, siku saba, uandike nani amekuja na amekula nini.