SOMO: Kurudisha Orodha Zetu Baada ya Kuhamisha Diski



Sisi wa Salamabila tunajua maana ya kukimbia. Mwaka 2019, kwa sababu ya ukosefu wa usalama, hata mgodi wa dhahabu wa Namoya ulisimamisha kazi. Kamati ikikimbia inaweza kuacha kompyuta na kuokoa diski tu. Ndani yake mna orodha za familia, majina ya watoto waliopotezana na wazazi, na mapatano ya mashamba. Tuzirudisheje kwenye mashine mpya?

1. Tusiandike kitu juu ya diski ya zamani. Tuiunganishe kama diski ya pili. Mashine ikiuliza kama tunataka kuifomati, tujibu hapana.

2. Tunakili kwanza. Faili zote ziende kwenye diski nyingine, na kazi ifanyike kwenye nakala hiyo. Tunaotumia umeme wa jua tuhakikishe betri imejaa. Umeme ukikatika katikati, faili zinaweza kuharibika.

3. Tutumie programu ileile iliyotengeneza akiba. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker ya Windows, mashine mpya inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe mapema kwenye karatasi, na ukae mbali na diski.

4. Turudishe kwenye folda tupu. Akiba ya Januari haimjui aliyefika Machi. Tukifunika orodha mpya kwa ya zamani, familia yake inafutika, na siku ya kugawa chakula jina lake halitaitwa.

5. Tulinganishe na daftari. Tuhesabu majina mbele ya wajumbe wa pande zote, wenyeji na waliohama. Orodha iliyorudishwa kwa siri huzaa manung'uniko, na manung'uniko huzaa ugomvi.

Tukumbuke pia usalama wa watu. Orodha huweza kuwa na majina ya waliotendewa ukatili. Diski ya zamani isiuzwe wala kuazimwa ikiwa bado na majina hayo.

Akiba ambayo haijawahi kurudishwa kwa majaribio bado ni tumaini tu. Tuijaribu wakati wa utulivu.

Maswali ya kujadiliana:
- Nani kati yetu anatunza ufunguo, na nani anatunza diski?
- Mara ya mwisho tulijaribu akiba yetu lini?
- Jina likikosekana, mwenye jina aende kwa nani?