Dondoo muhimu: Kabla ya kuagiza springi

Mweleze fundi kwanza kazi ya springi: ni ya kubanwa, kama ya shokomzoba, ya kuvutwa, yenye ndoano, kama ya stendi ya pikipiki, au ya kusokotwa, kama ya kibanio cha nguo? Hii ya mwisho, taja pia upande iliosokotewa.

Unene wa waya upime kwa kalipa, rula haitoshi. Waya wa milimita 2.2 badala ya 2 huongeza ugumu kwa takriban asilimia 46, hata kama mengine yote hayajabadilika. Andika pia kipenyo cha nje, urefu ikiwa haijabanwa, na idadi ya mizunguko. Penye chumvi, agiza chuma kisichoshika kutu.

Tafadhali usikate springi ndefu ili itoshe: mizunguko ikipungua, inakuwa ngumu zaidi.