Wewe Ulizaliwa na Kilo Ngapi?

Baada ya kipindi chetu katika shule moja, kijana wa kidato cha pili alisubiri wenzake watoke, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mimi nilizaliwa njiti, kilo 1.8. Nitakuwa na kasoro maisha yangu yote?"

Nilimwambia akamwombe mama yake kadi ya kliniki, na amuulize mimba ilikuwa na wiki ngapi. Wewe pia fanya hivyo.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Anayezaliwa na chini ya kilo 2.5, uzito wake ni pungufu. Watu huchanganya mambo haya mawili. Kilo 1.8 kwenye wiki ya 32 ni saizi yake kabisa: alikuwa anakua vizuri ila katoka mapema. Lakini kilo 1.8 kwenye wiki ya 39? Huyo muda alipata, chakula ndicho hakikumfikia. Na njiti wa wiki 32 mwenye kilo 1.1 amepatwa na yote mawili.

Chakula hicho hupitia kondo la nyuma. Vijidudu vya malaria hupenda kujificha humo, ndiyo maana mjamzito hupewa dawa ya SP na chandarua. Upungufu wa damu na sigara navyo humdumaza mtoto tumboni. Shinikizo la damu ndilo baya zaidi: mishipa ya kondo hupitisha damu kidogo, na mama akielekea kupata kifafa cha mimba, daktari hulazimika kumzalisha mapema ili kuokoa maisha. Njiti wa namna hii mara nyingi ni mdogo hata kwa wiki zake. Chupa ikipasuka mapema kwa sababu ya maambukizi, mtoto mara nyingi huwa na saizi yake. Mapacha nao huwahi kuzaliwa.

Sasa, hapo umeona wapi kubemendwa, au jirani mwenye kijicho? Usimlaumu mama. Ila wewe dada wa miaka 15, jua kwamba mimba za umri wako zina hatari zaidi ya kuleta njiti.

Na ukubwani je? Njiti wengi hukua, husoma na kucheza mpira kama kawaida. Lakini vichujio vya figo hutengenezwa tumboni hadi karibu wiki ya 36, kwa hiyo aliyewahi sana anaweza kuwa navyo vichache. Watu waliozaliwa njiti huelekea kuwa na presha ya juu kidogo kuliko wenzao. Kama ni wewe, punguza chumvi, usivute sigara, pima presha kila mwaka, na mwambie daktari ulizaliwa na kilo ngapi, wiki ngapi.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata, kadi imekunjwa ndani ya daftari la baiolojia. Wiki 32. Tukampima presha: 112 kwa 70. Akaomba tumpime na rafiki yake.