Mji Ukikua, Fedha Inakwenda Wapi?



Mji wa Morogoro unakua mbele ya macho yetu. Sensa ya 2012 ilihesabu katika Manispaa watu zaidi ya 315,000. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 471,000. Wengi wa watu hawa hawalimi chakula chao. Wananunua ndizi, kabichi, karoti na viazi, na sehemu kubwa ya chakula hicho inashuka kutoka milima ya Uluguru: Mgeta, Kinole, Matombo, Mkuyuni.

Basi hapa pana swali. Ikiwa mji unatuhitaji hivyo, mbona mjini wanatuzidi kipato? Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa vijijini Tanzania watu 31 katika kila 100 walikosa mahitaji ya msingi. Mijini walikuwa kama 16. Yaani nusu tu!

Jambo hili si geni. Azimio la Arusha la 1967 lilionya kuwa mijini wanaweza kuishi kwa jasho la wakulima. Kabla yake, mwaka 1955, mtaalamu Simon Kuznets wa Marekani alieleza kuwa nchi inapoanza kujenga miji na viwanda, tofauti ya mapato huongezeka kwanza, kisha hupungua. Sisi tunaona kwamba haipungui yenyewe tu kwa kungoja.

Tuangalie vijana kwanza. Wanashuka mjini, na hatuwalaumu. Zamani Morogoro ilikuwa na viwanda vya viatu, ngozi na maturubai. Vingi vilisimama au viliuzwa. Leo kijana akifika anaendesha bodaboda au anatembeza bidhaa, na chumba analipia. Akituma chochote nyumbani, ni msaada. Lakini jembe kamwachia mama yake.

Sasa njia. Kabichi haingoji. Mvua ikinyesha, barabara ya mlimani inateleza na lori halipandi. Siku hiyo bei shambani inaanguka, na sokoni mjini inapanda. Mzigo ni uleule! Anayefaidi ni mwenye gari lililofika. Soko Kuu la mjini lililofunguliwa 2021 limepewa jina la Chifu Kingalu, ambaye makao yake ni Kinole. Tunafurahi kwa heshima hiyo, ila mama wa mlimani bado anashuka kwa miguu na mzigo kichwani, na akishafika hawezi kurudi nao. Mnunuzi analijua hilo.

Halafu kuna lumbesa. Hili tulihesabu pamoja, maana kusoma na kuhesabu tulijifunza kwa kazi kama hii. Tuchukue mfano tu. Umekubaliana kuuza gunia la viazi la kilo 100 kwa sh. 60,000. Kila kilo ni sh. 600. Mnunuzi analijaza, anashona kilemba juu, linafika kilo 130. Fedha ni ileile sh. 60,000. Kilo 30 umetoa bure. Ukiuza magunia 10, umetoa kilo 300, ambazo ni sh. 180,000. Ada ya shule hiyo, au bati za nyumba! Na mjini kila kilo ya zile 300 inauzwa, hakuna anayepewa bure.

Sheria ya Vipimo hairuhusu mfungasho wa mazao kuzidi kilo 100. Lakini mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi anahamia shamba la jirani. Wakikataa wote, na mizani ya kikundi ipo hapo, atapima tu. Atakwenda wapi na lori tupu?

Jadilini katika kikundi:

1. Kijijini kwenu nani anapanga bei ya mazao? Bei ya mjini mnaipataje kabla mnunuzi hajafika?

2. Vijana wangapi wameshuka mjini mwaka huu, na kazi zao shambani anazifanya nani?

3. Gunia la kilo 100 ni sh. 50,000. Mkulima kauza magunia 8, kila moja limejazwa kilo 120. Amepoteza shilingi ngapi?