Musiponde Rafiki wa Karanga

Wandugu wanafunzi, juzi shambani niliona wa mwaka wa kwanza wanaponda vidudu virefu vyeusi vyenye madoa ya machungwa, eti vinamaliza karanga zetu za mafuta. Hapana! Hao ni watoto wa kosinele, yule mdudu mwekundu wa mgongo wa mviringo. Mimi pia zamani niliwaponda.

Chakula chao ni puseroni, vidudu vidogo sana vinavyonyonya maji ya majani na kupeleka ugonjwa wa rozeti. Mche wenye rozeti unadumaa, majani yanageuka manjano, chini karanga ni chache ao hakuna. Kosinele haponyeshi mche uliokwisha kushikwa. Anapunguza wale wanaoeneza. Ndiyo maana tupande pia mapema, tena karibu karibu.

Adui yake ni sisimizi: wanamufukuza juu wanapenda maji matamu ya puseroni.

Ijumaa kwa kazi ya mikono, mukiwaona hao watoto weusi, muwaache.