Sinia Lililosahaulika: Mafunzo Niliyopata kwa Kuchora Vitabu vya Watoto

Kitabu changu cha kwanza kilipotoka, nilialikwa darasa la pili la shule moja Bagamoyo nikawasomee watoto. Nikafungua ukurasa ninaoupenda kuliko zote: bibi amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nilikuwa nimeuhangaikia wiki nzima, mikunjo ya kanga, mishipa ya mikono. Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole.

"Nazi inaangukia wapi?"

Nikatazama. Chini ya meno ya mbuzi hapakuwa na sinia wala bakuli, palikuwa na vumbi tupu. Darasa zima likaanza kumsikitikia bibi ambaye wali wake utakuwa na mchanga.

1. Asiyejua kusoma ndiye anayeisoma picha

Mtu mzima hufuata maneno, picha anaitupia jicho tu. Mtoto ambaye herufi bado zinampiga chenga hana pengine pa kwenda. Anaikagua picha kama ofisa forodha anavyokagua begi. Tangu siku ile sichori kazi ya mikono kabla sijaijaribu mwenyewe. Nimetwanga, nimepepeta, nimesuka ukili (vibaya). Ukikaa kwenye mbuzi ndipo unapogundua kwamba kifuu hakisukumwi tu, kinazungushwa kidogo kidogo kwa viganja vyote viwili, na mabega yanainama yenyewe. Hilo picha ya simuni haikuambii.

2. Vifaa haba si udhuru

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa, ile ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo haipendi vivuli laini. Inataka uwanja mmoja mpana na mstari uliokolea, basi. Mtindo ukazaliwa hapo. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na bado jina lake limekuwa jina la mtindo wenyewe. Baadaye John Kilaka aliipeleka njia hiyo kwenye vitabu vya watoto, wanyama wake wakiwa wamevaa nguo kama majirani zetu, na vitabu hivyo vikachapishwa hadi Uswisi. Mimi nilikaa miaka miwili nikisubiri hela ya kishikwambi ndipo nianze "kazi ya kweli". Najuta mpaka leo.

3. Skrini inang'aa, karatasi haing'ai

Skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kiwandani wanatumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na ziko rangi ambazo mwanga unaziweza ila wino hauziwezi. Bahari yangu ilirudi imefubaa kama shati la sare la mwaka wa tatu. Siku hizi naomba nakala ya majaribio kwanza. Na usiweke uso wa mtu katikati ya kurasa mbili. Mshono utammeza pua.

4. Weusi hautoki kwenye kopo moja

Zamani kila mhusika wangu alikuwa kahawia, na penye kivuli naongeza nyeusi. Wote wakaonekana wamepakwa masizi. Kisha nikakipata Sulwe, kitabu cha Lupita Nyong'o cha mwaka 2019 kilichochorwa na Vashti Harrison. Msichana ni mweusi kama usiku, lakini usiku wenyewe umejaa zambarau na buluu. Jioni ile nikaenda kumtazama mama muuza mihogo wa mtaani kwetu: shavu la upande wa giza lilikuwa zambarau kabisa, la upande wa jiko rangi ya chungwa. Miaka yote nilikuwa nanunua mihogo pale bila kumwona. Mwaka 2024 Harrison alipata medali ya Caldecott kwa kitabu chake Big, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mimi nilishangilia utadhani dada yangu.

5. Soma mkataba mpaka chini

Niliuza michoro kwa malipo ya mkupuo, kisha nikamkuta msichana wangu kwenye jalada la daftari, Kariakoo, dukani. Nilikuwa nimesaini "haki zote". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji, ila haimrudishii alichokiuza kwa mkono wake.

6. Kanga haidanganyiki

Kuna mteja aliniletea picha iliyotengenezwa na akili mnemba, "niirekebishe tu" kwa nusu ya bei. Inavutia, sikatai. Lakini pindo la kanga lilikatikia begani, maua ya mji yakayeyukiana, na mahali pa jina palikuwa na vijidudu vinavyofanana na herufi. Kanga isiyosema kitu! Angeivaa nani, ampelekee nani ujumbe gani? Januari 2023, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz walifungua kesi California dhidi ya kampuni za programu za aina hiyo, wakidai michoro yao ilitumika kuifunza mashine bila ridhaa yao. Mimi nilimrudishia mteja picha yake. Kazi akampa mwingine, na kodi ya mwezi ule niliikopa.

7. Chora na kisichoandikwa

Kitabu cha bibi kilipochapwa tena, sinia likawepo. Nikaongeza na kuku saba wanaolinyemelea ukurasa baada ya ukurasa, ingawa hadithi haiwataji hata mara moja. Nikarudi Bagamoyo nikitembea kifua mbele. Binti mmoja akawahesabu kimya kimya, akarudi nyuma, akahesabu tena.

"Ukurasa wa kumi na nne wako sita."

Nilikuwa nimemsahau mmoja. Nikajibu haraka kwamba labda amekwenda kunywa maji. Binti akafunua ukurasa wa kumi na tano, ambapo familia nzima imekaa mkekani inakula wali wa nazi, akaikagua mboga iliyo kwenye bakuli, kisha akaniangalia.