Kitanda cha Sita kwa Sita na Ukurasa wa Kwanza wa Google

Ninatunza tovuti ya karakana ya samani ya shemeji yangu, Keko, Dar es Salaam. Huniuma kuona fundi hodari akikosa oda kwa sababu tu Google haimwonyeshi. Katika kuipandisha tovuti hiyo, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Andika anavyouliza mteja. Tovuti nyingi za samani zimejaa maneno kama "ubora wa hali ya juu". Mteja akipiga simu anauliza: "Kitanda cha sita kwa sita cha mninga bei gani, na mnaleta mpaka Mbagala?" Maswali hayo tunayaandika kwenye daftari la oda, na kila linalojirudia hupewa ukurasa wake, wenye kichwa cha maneno yaleyale. Humo tunaeleza vipimo, tofauti ya mninga na mkongo, muda wa kutengeneza na bei ya kuanzia. Wengi huficha bei wakihofia washindani. Mimi nasema iwekwe: aliyetafuta bei akaikosa kwako, anarudi Google kutafuta kwa jirani. Kisha fungua Google Search Console, ambayo ni ya bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika, na kurasa zinazotokea kwenye matokeo lakini hazibonyezwi. Za namna hiyo, anza kurekebisha vichwa vyake.

2. Jisajili kwenye ramani ya Google. Hilo hufanyika kupitia Google Business Profile, nayo ni bure. Kwa biashara za mtaani, Google hutazama mambo matatu: unauza kile kinachotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Umbali huuwezi. Basi jaza aina ya biashara, saa za kazi, namba ya simu na picha za kazi zako halisi. Maoni ya wateja tunayaomba siku ya kupeleka mzigo, kitanda kikishafungwa chumbani na mwenyewe amefurahi.

3. Punguza ukubwa wa picha. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba itazipima tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu, na kazi hiyo ikakamilika 2023. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ni nzito. Humla mteja bando, naye huondoka kabla haijafunguka.

4. Usinunue viungo, yaani linki kutoka tovuti nyingine. Larry Page na Sergey Brin walijenga Google juu ya wazo kwamba ukurasa unaotajwa na wengine una uzito. Ndiyo maana wapo wanaouza viungo kwa mafungu, na ndiyo maana Google ilizibana tovuti zenye viungo vya aina hiyo kwa sasisho la Penguin mwaka 2012. Mwombe mwenye hoteli uliyemtengenezea meza aitaje karakana yako kwenye tovuti yake, kwa kiungo. Kiungo hicho kimoja nakithamini kuliko fungu zima.

5. Ukibadilisha kitu, andika tarehe, kisha subiri. Matokeo huchukua wiki, pengine miezi. Anayekuahidi namba moja kufikia Ijumaa, usimpe pesa.